Chupi Sita za Bluu

6 Januari

Kwa Mwalimu,

Shikamoo uliyonitumia kwa mdomo wa Baba Chiriku imefika, na nimeirudisha. Nimekuzidi miaka minne tu, huo si umri wa kuamkiwa. Na simu zako mbili niliziona zinalia, nikaziacha zilie. Ukiwa na neno na mimi liandike, litie sahihi, lipeleke kwa watu wa vifurushi pale stendi. Kwenye simu watu husema mengi halafu wakayakana.

Mtoto ndiye huyo anakuja. Tulikubaliana mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba akitimiza miaka tisa atakaa na baba yake na wewe mkewe muhula mmoja, na mimi sivunji neno. Lakini muhula ni muhula. Shule zikifungwa Aprili namtaka hapa. Sijakupa, nimekuazima.

Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Mwache aseme, akinyamaza ndipo uogope. Anaogopa mbwa. Kuoga anaoga mwenyewe, nguo zake za ndani anafua mwenyewe, na usimfuate bafuni hata siku moja. Kwenye begi kuna chupi ishirini na nne nyeusi, zenye bitana tatu, nimezishona mimi. Usiulize kwa nini nyingi. Ana baridi ya tumbo, ikimshika anahitaji kubadilisha, ni hilo tu. Kwenye kochi asikae, mpe kiti cha mbao, ndicho alichozoea.

Nimeiona picha yako ya harusini kwa shemeji yako, na lile gauni la kijani ambalo kila mtu alilisifu. Bega la kushoto limepanda kuliko la kulia. Simo, nasema tu kama fundi.

Mama Chiriku

*

21 Januari

Dada Mama Chiriku,

Habari za kazi. Shikamoo nimeiacha kama ulivyotaka, ila "Dada" utaniwia radhi, ndivyo nilivyolelewa. Bega la kushoto ni kweli limepanda. Siku zote nilidhani ni mimi niliyepinda.

Chiriku ni mzima, anakula na kusema kutwa. Ameshanieleza ugomvi wote wa mtaani kwenu, sasa nawajua majirani zako kuliko wangu. Masharti yako ya bafuni niliyashika siku tisa. Siku ya kumi mwalimu wa darasa lake alimrudisha na kikaratasi: benchi lake limelowa, wenzake wamehama. Aliingia ndani hasemi. Nikamketisha kitandani nikamuuliza polepole, akaniambia, "Mama alisema nisikwambie." Sikumlazimisha. Alianza mwenyewe kusema, akamaliza yote, halafu akaomba chai.

Dada, mimi nafundisha chekechea, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kila siku nina watoto thelathini wa miaka minne na mitano, na kabla ya uji nimeshabadilisha kaptura tatu. Mtoto anayejikojolea namjua. Huyo hulowa mara moja, chapa, halafu anakaa mkavu saa mbili tatu mpaka mara nyingine. Chiriku si hivyo. Chiriku anakwenda chooni kama mtu mzima, anakojoa akamaliza, mkojo mwingi tu, na dakika kumi baadaye ana unyevu. Amelala ana unyevu, ameamka ana unyevu. Nimeandika kwenye daftari siku saba, kila nusu saa akiwa nyumbani, yeye mwenyewe akinisomea saa. Hakuna hata saa moja niliyoandika "kavu". Mimi si daktari, lakini naona kama kuna maji yanatoka yasiyopitia mlangoni.

Hapa mjini ipo hospitali kubwa yenye daktari wa njia ya mkojo, kliniki yake ni Alhamisi. Baba yake anasema atakua ataacha, na yeye mwenyewe yuko safarini na kazi yake ya kufunga nyaya za umeme kama kawaida. Naomba ruhusa yako nimpeleke. Mficha maradhi unajua mwenyewe kinachomuumbua. Nasema kwa heshima.

Zile nyeusi zinamchubua mapajani. Nimemnunulia dazeni ya nyeupe za pamba dukani.

Wako,
Mwalimu

*

27 Januari

Kwa Mwalimu,

Barua yako niliisoma huku mguu uko kwenye mashine, na sindano ikanipita kwenye kucha. Ukiona doa hapo juu, si wino.

Siku kumi. Mimi nimekaa naye miaka tisa, nimemfulia, nimemgeuzia godoro kila asubuhi, nimemhamisha shule mara mbili. Wewe siku kumi na daftari, umeshamjua. Unadhani sikumpeleka kwa waganga wa hospitali? Zahanati tatu. Wa kwanza akasema minyoo, wa pili akasema baridi, wa tatu akasema ni uvivu, nimchape. Mama mkwe akasema nilikaa kwenye sakafu baridi nikiwa na mimba. Na huyo bwana unayelala naye alisema mbele ya wazee kwamba chumba kinanuka, hawezi. Hilo hakukusimulia, eti? Wewe ulidhani aliniacha kwa uzuri wako.

Ndiyo nimeficha. Niliapa hakuna mtu mwingine atakayemcheka mwanangu, nikamfunga mdomo na nikamshonea nguo nyeusi. Sasa wewe umemketisha kitandani, umemsemesha polepole, naye kakwambia yote. Roho inaniuma, Mwalimu, sikufichi. Unyevu si siri yako. Ulikuwa wangu mimi na yeye.

Na eti nguo zangu zinamchubua. Miaka yote hajawahi kuniambia kwamba zinamchubua.

Hospitali mpeleke. Sitaki kesho niambiwe nilimnyima mtoto dawa. Lakini hizo nyeupe za dukani kawape watoto wako wa chekechea. Ndani ya kifurushi hiki kuna chupi sita mpya, kitambaa cha bluu laini, hazichubui. Nimezikata na kuzishona leo leo ziwahi basi la alasiri. Siku ya daktari avae hizi, na hizi tu. Daktari aone kwamba huyu mtoto ana mama, na mama yake ni fundi. Ukimvalisha za kwako nitajua, Chiriku ataniambia.

Mama Chiriku

*

14 Februari

Dada Mama Chiriku,

Kucha imeponaje? Pole sana.

Tulikwenda Alhamisi iliyopita. Daktari ni mama mmoja mfupi, ana haraka lakini mikono yake mipole. Kwanza walimpiga picha ya tumbo. Figo zote mbili zipo, ya kushoto ndefu kidogo kuliko ya kulia, akasema huenda ni umbile tu. Halafu akanieleza kipimo. Wanaingiza mpira mwembamba, wanajaza kibofu maji yenye rangi ya bluu, wanautoa mpira, wanamwekea pamba ndani ya chupi, mtoto anatembea na kuruka. Pamba ikitoka na bluu, basi maji yanavuja kutoka kibofuni, ni udhaifu wa kibofu na mazoea. Ikitoka na unyevu usio na rangi, basi upo mrija aliozaliwa nao unaotoka kwenye figo, unakipita kibofu, unamwaga nje moja kwa moja. Huo mrija mtu hawezi kuuzuia hata ajitahidi vipi, ila unaweza kurekebishwa kwa kupasuliwa. Nilikaa naomba isiwe na rangi. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba mtoto wa mtu awe na kasoro.

Asubuhi nilikuwa nimeshika nyeupe mkononi. Nikaikumbuka barua yako, na Chiriku mwenyewe akasema, "Mama atajua." Akavaa ya kwako, mpya, haijaguswa. Alipanda na kushuka ngazi za hospitali saa nzima na nusu, manesi wakimcheka kwa hadithi zake. Mwisho nikaingia naye chooni, nikaitoa ile pamba, nikaiweka kwenye sinia, nikaipeleka.

Ilikuwa na bluu, dada. Si nyingi, na pembeni ilikolea kuliko katikati, lakini bluu ni bluu. Nilimwonyesha daktari daftari langu. Akalisifu, akasema daftari ni zuri ila rangi haidanganyi. Ameandika vidonge vya kibofu na aende chooni kwa saa. Akamshika Chiriku bega akamwambia sasa ni kazi yako, binti, ukijitahidi utakauka.

Njia nzima ya kurudi Chiriku hakusema neno. Nisamehe, dada. Nimejitia ujuaji, na nimemtesa mtoto kwa mpira ule bure.

Mwalimu

*

18 Februari

Kwa Mwalimu,

Umeona sasa. Nilijua yatakuwa haya. Mtoto wa mwenzio si somo la kuandikia daftari. Daktari mwenyewe amesema rangi haidanganyi, na mimi sina la kuongeza.

Sioni tena sababu ya mtoto kukaa huko. Baba yake hayupo nyumbani, hospitali mmemaliza, shuleni wanamhama. Mpandishe basi la Jumamosi, nitampokea. Wazee nitazungumza nao mimi.

Zile sita za bluu zirudishe zote. Usizifue, nitazifua mwenyewe.

Mama Chiriku

*

20 Machi

Dada Mama Chiriku,

Hii ni ya tatu tangu aondoke, na mbili za mwanzo hazikujibiwa. Najua maana yake. Naandika hivyo hivyo.

Nyumba imekuwa kubwa. Naweka chai vikombe viwili, nakumbuka, narudisha kimoja. Mimi sina mtoto, dada, miaka mitano sasa, na najua wanachosema watu, labda na wewe umeshasema. Alipokaa hapa wiki saba nilikuwa nikisikia mlango wa mbele unafunguliwa saa saba mchana, na moyo wangu unaruka. Ulipoandika mpandishe basi, nilikuonea wivu mpaka nikashindwa kula. Wewe unaweza kuandika mstari mmoja tu na mtoto akaja.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Daftari langu na ile pamba vinagombana, nami nimeshindwa kuvisuluhisha. Kama kibofu ndicho kinachovuja mchana kutwa, mbona kilikuwa kinajaa? Kila alipokwenda chooni alikojoa mkojo mwingi, nimeandika, mara tano sita kwa siku. Ndoo iliyotoboka haijai. Nimelisoma daftari lile mpaka kurasa zimeanza kulegea.

Kama kuna jambo unalolijua wewe uliyemzaa, ambalo mimi silijui, naomba uniambie. Sitaki kushinda. Nataka kujua tu.

Mwambie nimesahau jina la yule jirani yenu mwenye kuku wanne. Yeye atalikumbuka.

Mwalimu

*

2 Aprili

Kwa Mwalimu,

Kaa chini ndipo usome.

Ijumaa Chiriku alianguka darasani. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe mpaka kwenye mashine yangu, na nilipomwona tu mlangoni nikajua. Zahanati walisema maji yamemwishia mwilini, wakamtundikia chupa mbili. Hakuwa akinywa, Mwalimu. Tangu aliporudi kutoka kwako, chai niliyompa alikuwa anaimwaga nyuma ya ukuta. Maji ya shuleni hagusi. Midomo ilipasuka nikaiona, nikaipaka mafuta, nikasema ni upepo. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia daktari alisema ni kazi yake, na yeye asipokunywa anakauka kidogo. Wiki tano mwanangu anajikausha kwa kiu, kwa sababu aliambiwa ajitahidi.

Sasa nikuambie unalotaka kujua. Ile bluu haikuwa ya daktari. Ilikuwa yangu.

Kitambaa cha rangi kali hukikati kikiwa kipya. Unakiloweka kwanza kwenye maji ya chumvi siku nzima, kinachuja rangi yake yote ya ziada, unakianika, ndipo unakata. Wasichana wanaojifunza kwangu nawafundisha hilo siku ya kwanza kabla hawajagusa mkasi. Siku ile ya barua yako nilikuwa nachemka. Nilikata moja kwa moja kwenye jora, nikashona, nikafunga, maana nilitaka kifurushi kikufikie kabla nyeupe zako hazijamzoea mwilini. Pamba ya hospitali ililowa, ikagusana na kitambaa changu kibichi, kikachuja. Ulipoandika "pembeni ilikolea kuliko katikati", nilijua papo hapo. Rangi ya kibofuni ingeshuka katikati. Pembeni ndipo pamba inapogusa nguo.

Zilipofika nilitia moja kwenye beseni jeupe. Maji yalikuwa bluu kabla sijaikamua.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nitakwambia, maana nimeshachoka kulala nalo. Kama wewe ulikuwa sawa, basi wewe ndiye uliyemponya. Mimi miaka tisa sikuona, wewe siku kumi ukaona. Maisha yake yote kila akivaa nguo kavu angekukumbuka wewe. Nikaona bora abaki na unyevu akiwa wangu, kuliko akauke akiwa wako. Nilifikiri hivyo, kwa akili zangu timamu, mchana, nikiwa na mkasi mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Mimi nilikishona, nikakifunga kwa kamba, nikakipeleka stendi.

Niombee nafasi kwa yule daktari. Ukitaka kumwambia Baba Chiriku, mwambie.

Mama Chiriku

*

5 Aprili

Mama Chiriku,

Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliivalia viatu, nikiwa nakwenda nayo kwa wale wazee wenu. Nikafika getini nikarudi. Ipo kwenye mkoba wangu.

Sikujua kama mtu anaweza kunikasirisha hivi. Wiki saba nimejiona mjinga. Nilipiga magoti mbele ya mtoto nikamwomba msamaha kwa kumpeleka hospitali, nikamwambia mama yake alikuwa na akili kuliko mimi.

Nafasi ni Alhamisi, tarehe 11, saa mbili asubuhi. Mlete wewe mwenyewe, mtalala chumba cha mbele. Usimshonee kitu chochote. Na anywe maji.

Mwalimu

*

20 Mei

Kwa Mwalimu,

Tumefika salama. Basi liliharibika mara moja, Chiriku akawaburudisha abiria wote bila kuombwa.

Nilisema nikifika nitaandika shukrani, na nimekaa siku mbili natafuta pa kuanzia. Naanza na kipimo, maana siku ile tulikaa kwenye benchi moja hatukusemezana. Nilipoiona pamba ile imetoka kwenye chupi nyeupe uliyoinunua wewe, imelowa chepechepe na haina hata tone la rangi, nilitaka sakafu inimeze. Daktari aliishika dirishani akawaita wenzake wawili. Uliona alivyotuchorea nyuma ya karatasi: figo ya kushoto ina mirija miwili badala ya mmoja, na wa pili ulipotea njia tangu tumboni mwangu, ukakipita kibofu, ukafungukia chini. Akasema ni kasoro ya kuzaliwa, si kosa la mtu. Akasema hivyo akinitazama mimi. Miaka tisa nilikuwa nasubiri mtu aseme hilo, na lilipokuja sikuweza kulifurahia.

Wodini nilikuonea wivu kila siku, nakwambia usidhani ulikuwa ugonjwa wa barua tu. Nesi alikuita wewe "mama wa mgonjwa" mara tatu, mimi nimesimama hapo hapo na beseni mkononi. Chiriku alipotoka nusu kaputi, baada ya kupasuliwa, alitafuta mkono wako kwanza. Ulikuwa karibu zaidi, najua. Hata hivyo nilihesabu.

Lakini siku walipoutoa mpira wa mkojo nilikuwa naye peke yangu. Alikaa saa mbili hajasogea. Halafu akajigusa, akanitazama, akajigusa tena. Nikamuuliza unaumwa? Akasema hapana, nasikia ajabu. Mtoto wa miaka tisa hakuwa anaujua ukavu, Mwalimu. Nililia nikiwa nimempa mgongo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Jana Chiriku ananisimulia mambo ya hospitali, akasema bila kuulizwa kwamba mama mdogo alikosea kumvalisha siku ile ya kwanza, ndiyo maana kipimo kikarudiwa, na mama mdogo alimwomba radhi. Hapo nikakumbuka siku ya kutoka daktari aliniambia nimwambie mwenzangu asijilaumu, hata wao walipaswa kuiangalia ile nguo. Nilidhani anazungumza tu kwa upole, nikaitikia kwa kichwa.

Nani alikutuma? Nataka unijibu.

Mama Chiriku

*

27 Mei

Dada,

Hakuna aliyenituma. Daktari aliuliza imekuwaje pamba ya kwanza ikawa na bluu. Wewe ulikuwa umekwenda kujaza chupa ya maji. Chiriku alikuwa amelala pale macho wazi, anasikiliza. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeushika. Nikasema ni mimi, nilimvalisha nguo mpya inayochuja bila kuifua. Si uwongo wote. Mikono iliyomvalisha ni hii.

Nilifikiri hivi. Mama wa kambo akikosea, mtoto hashangai, dunia nzima imeshamwandaa. Lakini akijua mama yake mzazi alijua na akanyamaza, nyumbani atalala vipi?

Hiyo ni sababu ya kwanza, na ningeweza kuishia hapo ukaniona malaika. Ya pili ni mbaya. Nilitaka uwe chini yangu. Nilitaka kila ukimwona mtoto mkavu ukumbuke kwamba nilikusitiri, na ningeweza nisikusitiri. Wewe una mtoto aliyetoka mwilini mwako, nami nikasema basi angalau nitakuwa na hili. Nilikaa nalo wiki zile nikilipapasa kama mtu aliyeficha kitu mfukoni. Halafu ukaondoka naye, na hicho nilichokificha hakina mtu wa kukizungumza naye saa saba mchana.

Barua yako ipo. Sijamwonyesha mtu.

Mwalimu

*

3 Juni

Kwa Mwalimu,

Barua ile nirudishie. Si kwa kuogopa wazee. Ni yangu.

Baba yake ulimchukua, nikasema bahati mbaya. Mtoto nimekugawia nusu, na hiyo nusu imeniuma, na itaendelea kuniuma. Lakini kosa hilo silitoi. Nimelifanya mwenyewe na akili zangu, halafu nirudi nyumbani nimelisahau kwa mwenzangu, yeye alibebe, mtoto amsamehe yeye? Hapana. Hata hilo ungelipata wewe, mimi ningebaki na nini.

Jana mchana nilizima mashine, nikawaruhusu wasichana waende, nikamwita. Nilimwambia yote, kuanzia jora mpaka beseni. Nilimwambia mama mdogo hakukosa kitu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, yeye ambaye hukatiza hata sala.

Akaniuliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Siku ile ile barua ilipofika."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mkono wa kwanza ukaisha, akaingia wa pili. "Wiki sita," akasema. Akatoka nje akakaa barazani mpaka jua likazama. Tangu hapo ni "ndiyo mama" na "hapana mama". Hanuni, hanikosei adabu, chakula anamaliza. Hasemi tu. Nyumba yangu haijawahi kuwa hivi, na sina wa kumlaumu.

Asubuhi ya leo ameomba likizo hii aje kwako. Nimekubali. Usiseme ni wema, sikuwa na mdomo wa kukataa. Wivu ninao, na nilipokuwa napanga nguo zake nilitoa na kurudisha mara tatu. Anakuja na basi la Jumamosi, linafika saa tisa. Kampokee wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Akianza kusema, atasema na wewe kwanza. Nimejiandaa kwa hilo. Akikuuliza kama mama yake ni mtu mbaya, mjibu unavyoona. Sitakuuliza ulimjibu nini.

Mama Chiriku